UZI: Ndege wa kaskazini kwenye ufuo wetu wa Kisumu (Dunga, Hippo Point, Nyalenda), Oktoba hadi Aprili

MwanaDunga · 9 Oktoba

Wadau, hamjambo. Nafungua uzi mapema kabla msimu haujakolea.

Mtu wa Kisumu akisema anatazama ndege, swali la kwanza huwa: "Nakuru utaenda lini?" Na wageni wanaoletwa Dunga na magari ya watalii humtafuta ndege mmoja tu, yule wa mafunjo mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano (Laniarius mufumbiri). Wakishampata, haooo, wamekwenda zao. Sina ugomvi na huyo ndege. Nje ya mafunjo humpati, na ni kwa sababu yake na wenzake Dunga imeorodheshwa kama eneo muhimu la ndege. Lakini yeye yuko hapa mwaka mzima. Asiyekungoja ni kitwitwi aliyesimama kwenye tope kando ya mashua sasa hivi, ambaye mwezi wa sita alikuwa akilea makinda Finland au Siberia. Kule kwao barafu inakuja na wadudu wanaisha. Kwetu tope halijawahi kuganda.

Hoja yangu ni hii: chagua kipande kimoja cha ufuo, kidogo tu, ukirudie msimu mzima. Safari moja ya gari itakupa orodha ndefu, sikatai. Haikuambii nani amefika juzi, nani yumo njiani tu anaelekea kusini, na nani amekaa miezi sita.

Changu kinaanzia daraja la mbao la Dunga hadi Hippo Point. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako na wenye mashua bado wanashusha mzigo. Usianze na maji. Anza na tope, pale boti zinapoburutwa na wanawake wanapooshea samaki.

Kuna vitwitwi watatu wa kujua kabla ya kitu kingine chochote, maana watakusumbua mpaka Aprili.

Wa kwanza ni Actitis hypoleucos. Huyu hata Agosti huwa ameshafika. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe wa tumbo unapanda ukaingia kati ya kifua na bawa. Hiyo ndiyo alama yake hata akiwa mbali. Hatulii. Sehemu ya nyuma inapanda na kushuka akitembea, akila, hata akisimama tu. Akiruka anapita chini kabisa juu ya maji, mapigo mafupi yaliyokakamaa, anateleza kidogo, anapiga tena. Mara nyingi yuko peke yake, juu ya jiwe au ukingo wa mashua.

Wa pili ni Tringa glareola. Mwembamba, miguu mirefu yenye umanjano, mgongo umejaa madoa meupe, na mstari mweupe juu ya jicho unaoendelea hadi nyuma ya kichwa. Huyu hupenda wenzake, na hupenda maji ya mpunga kuliko ziwa.

Wa tatu, Tringa ochropus, ndiye anayewachanganya watu. Mgongo mweusi zaidi, madoa madogo, na ule mstari unaishia kwenye jicho. Ni mtu wa mitaro na vijito, peke yake. Ukiwa na shaka mngoje aruke: chini ya bawa ni giza tupu, na kiuno cheupe kinakupiga machoni. Glareola akiruka, chini ya bawa ni kijivu cheupe.

Leteni mlichoona. Picha mbaya zinaruhusiwa.

---

Mzee_wa_Menengai · 9 Oktoba

Umeanza na uchokozi kijana, na sisi watu wa Nakuru tuko hapa tunakusoma.

Ziwa Nakuru ndilo lililotangulia nchini kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, 1990. Ukitaka bata wa kaskazini, njoo kwetu: Anas acuta mwenye mkia uliochongoka, Spatula clypeata mwenye mdomo wa sepeto, Spatula querquedula. Hao hapo Dunga utawaota.

Lakini nikubaliane nawe kwa jambo moja. Tangu maji yaanze kupanda, mwaka wa 2010 na kuendelea, ziwa letu si lile la kwenye kalenda. Chumvi imepungua, mwani uliolisha heroe umepungua nao, na wengi wao sasa wako Bogoria. Fuo pana za magadi ambako vitwitwi walikuwa wakijipanga zimemezwa, miti imesimama majini imekufa. Samaki wameongezeka na mwari wamefurahi. Mtu aliyekuja mara moja 2005 na mara moja 2020 atakwambia ndege wameisha. Hawajaisha, wamebadilishana zamu. Hilo anaweza kulisema anayeishi karibu tu.

---

MwanaDunga · 10 Oktoba

Mzee, shikamoo, na bata nimewapokea. Kwetu pia ziwa lilipanda vibaya Mei 2020, maji yakaingia hadi vibanda vya samaki. Tope lote likazama, na vitwitwi wakahamia mabwawa ya maji taka ya Nyalenda na mashamba ya mpunga ya Ahero. Ndiyo maana kichwa cha uzi kina Nyalenda.

---

Mama_Omena · 14 Oktoba

Wanangu, mimi si mtu wa ndege, ni mtu wa omena. Nimesoma nikacheka kwa sababu hao mnaowasifu ndio wanaoniibia. Ukitandaza omena kwenye neti asubuhi, yangeyange wanakuja kwa adabu kama wageni wa matanga, mmoja mmoja, ukigeuka wamekuwa ishirini. Mwewe yeye hana adabu, anashuka na kubeba. Marabu anasimama tu pembeni anangoja matumbo ya mbuta.

Kuna mmoja mdogo ambaye sijawahi kumfukuza. Tumbo la manjano, mkia hautulii. Anatembea katikati ya omena na hali hata mmoja, anakula nzi. Huyo hayuko mwezi wa saba. Naona anakuja mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia.

Sasa niulize. Mwezi ukiwa mkubwa, omena hakuna, wanaume wanalala nyumbani. Hiyo naijua sababu yake, taa hazina kazi penye mbalamwezi. Lakini mbona hata wale ndege weupe wa juu ya maji, wanaozunguka mbali kule, siku hizo ni kama wanapungua?

---

MwanaDunga · 14 Oktoba

Mama, hilo ni swali la kumaliza siku nzima.

Huyo wa manjano ni Motacilla flava, mgeni wa kaskazini kweli. Nitamrudia mwezi wa tatu akibadilisha nguo.

Hao weupe ni buabua. Wengi wa msimu huu ni Chlidonias leucopterus, wanaozaliana kuanzia Ulaya ya mashariki hadi ndani ya Asia. Buabua huyu si wa kupiga mbizi. Anaruka dhidi ya upepo, anashusha mdomo, anaokota kitu juu ya maji au hewani. Anachookota mara nyingi ni mdudu. Na unawajua wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi, mpaka mtu anafunga dirisha na kuzima taa? Kati yao kuna Chaoborus, ambao viluwiluwi vyao hukaa majini na kutoka kwa pamoja siku chache baada ya mwezi kuandama. Wataalamu walishaandika habari za mwendo huu katika Ziwa Victoria zamani, miaka ya 1950.

Kwa hiyo giza la mwezi linaleta mambo mawili kwa wakati mmoja: baba anatoka na taa kutafuta omena, na wadudu wanatoka majini. Asubuhi yake buabua na mbayuwayu wanajaa juu ya ule moshi. Mbalamwezi ikikolea, wanatawanyika kutafuta riziki kwingine.

Wa kutofautisha naye ni Chlidonias hybrida. Wakiwa katika manyoya ya msimu huu wote wanaonekana weupe na kijivu. Mtazame leucopterus kichwani: ana doa jeusi linaloshuka nyuma ya jicho, na kiuno chake ni cheupe kuliko mgongo. Hybrida mgongo na kiuno ni kijivu kimoja, na mdomo wake ni mzito zaidi.

---

Kijana_Milimani · 2 Novemba

Japuonj (mwalimu), mimi ndio naanza. Nina simu tu. Ninunue darubini gani, na hizo programu za simu zinasaidia ama zinadanganya?

---

MwanaDunga · 2 Novemba

Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa. 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mwanga unaoingia. Usidanganywe na za 20x50 za mtaani. Mkono ukitikisika kidogo tu, ndege mzima anacheza dansi. Ukipata ya mitumba, itazame mwangani kama ndani kuna kuvu, na ukiitumia uone picha mbili badala ya moja, irudishe.

Programu: Merlin inasaidia kubahatisha, eBird inasaidia kutunza. Ila mimi ningekusukuma kwenye Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa kwa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Unatembea kwenye mraba wako angalau saa mbili, unaandika kila spishi kwa mpangilio ulioiona, na una siku tano za kuongeza. Raha yake ni kwamba mbayuwayu wa kawaida ana uzito sawa na ndege adimu. Uzembe wa waandishi wa orodha ni kuacha wale wa kawaida, na hao ndio wa kutuambia msimu umeanza lini.

Na usiishie majini. Pale Hippo Point ingia chini ya migunga usikilize. Kuna kidogo cha kijani-manjano kinachorukaruka kwenye majani, Phylloscopus trochilus, sauti yake ya kuita ni "huu-it" inayopanda mwishoni. Uzito wake ni kama gramu kumi. Utafiti wa 2018 ulifuatilia wale wa mashariki kabisa mwa Siberia, wakaonekana wakija hadi Afrika Mashariki na kusini yake, karibu kilomita 13,000 kwa kwenda tu. Nauli yake ni mafuta aliyoyaweka mwilini.

---

Boda_Nyalenda · 3 Novemba

Kwani viboko mmewasahau? Nimebeba watu wa kamera alfajiri pale, wanashuka kwenye nyasi bila kuangalia. Kiboko analisha usiku, asubuhi anarudi majini. Ukisimama kati yake na ziwa, hiyo si picha tena.

Na maji taka ya Nyalenda yananuka, lakini ndege wako wengi hata mimi nisiyejua naona. Ila si mahali pa kuingia tu. Msalimie askari wa geti, mweleze unatafuta nini. Ukimpa heshima yake anakuonyesha hata bwawa lenye ndege siku hiyo.

---

MwanaDunga · 3 Novemba

Kweli tupu. Niongeze: usiingie majini miguu mitupu, kichocho kipo. Buti za mpira ni lazima kama darubini.

Nyalenda tazama kingo za zege na lile bwawa lenye tope. Hapo ndipo huwapata Calidris minuta, wadogo kabisa, miguu myeusi, wanakimbia na kudonoa bila kupumzika. Pamoja nao Calidris pugnax, kichwa kidogo juu ya mwili mkubwa, mgongo wa magamba. Dume ni mkubwa sana kuliko jike, hivyo ukiona "spishi mbili" za umbo moja zimesimama pamoja, fikiri mara mbili kabla ya kuandika.

---

Ja_Ahero · 21 Novemba

Mnaongea vizuri nyinyi wa mjini. Sisi wakulima wa mpunga tukisikia "ndege" hatufikirii orodha. Tunafikiria kweleakwelea. Mpunga ukianza kujaza maziwa, watoto hawalali, ni makopo na kelele kuanzia alfajiri. Januari 2023 wakaja hapa kwa mamilioni, serikali ikanyunyiza dawa ya fenthion. Mliandika sana mitandaoni kwamba dawa inaua ndege wengine. Mkulima aliyepoteza ekari mbili mlimwandikia nini?

---

Mzee_wa_Menengai · 21 Novemba

Ja Ahero ana haki ya kukasirika. Lakini fenthion haichagui. Inaua kweleakwelea, na mwewe au yangeyange anayemla aliyeanguka naye anaingia hesabuni.

---

MwanaDunga · 22 Novemba

Ja Ahero, pole kwa hasara, na swali lako ni la haki.

Jibu langu: kweleakwelea si hawa. Kweleakwelea ni wa Afrika, anakula nafaka, mdomo mfupi mnene mwekundu. Glareola na pugnax walioko shambani mwako wakati wa kupandikiza wanadokoa tope, kazi yao kubwa ni viluwiluwi vya wadudu na minyoo. Pugnax hula pia punje zilizodondoka baada ya mavuno, sitakuficha, lakini hakai juu ya suke. Kupulizia dawa malalo ya kweleakwelea usiku, mahali walipojikusanya, ni jambo moja. Kumwaga dawa shambani mchana ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo tunapopoteza hao wasio na kosa.

Na kuna baya zaidi ambalo halihusu mkulima hata kidogo. Kule Bunyala, Busia, watu wamekuwa wakitega ndege wa maji kwa sumu ya kabofurani iliyopakwa kwenye konokono na chambo kingine, wakiweka na ndege hai wa kuvutia wenzao, kisha nyama inauzwa. Korongo yule mwenye pengo katikati ya mdomo ndiye anayekufa zaidi kwa konokono. Nyama hiyo mtu anampelekea mtoto wake nyumbani.

---

Ja_Ahero · 22 Novemba

Hiyo ya Bunyala naijua, na ni aibu. Haya. Mjukuu wangu anataka kuwajua hao wa tope. Njooni siku ya kupandikiza, lakini mtembee kwenye matuta, asinikanyagie mtu miche.

---

Tsavo_Kwetu · 4 Desemba

Nasoma nikiwa Voi. Upande wetu msimu huu ni wa Ngulia, loji ya Tsavo Magharibi: tangu 1969 ndege wa kaskazini wanavishwa pete za utambulisho pale usiku wa ukungu, taa za loji zikiwavuta. Kwa usiku mmoja wa ukungu mzuri unaona wapita njia ambao mchana usingewahi kujua wako angani. Nawaonea wivu ziwa, lakini ukungu tumewashinda.

---

MwanaDunga · 6 Januari

Mwezi wa hesabu. Ndege wa maji huhesabiwa Januari sehemu nyingi za dunia, kazi iliyoanza 1967, kwa sababu katikati ya msimu wametulia. Hawaji wala hawaondoki, hivyo uwezekano wa kumhesabu mmoja mara mbili ni mdogo. Anayetaka kujifunza kuhesabu kundi: usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, uone kumi zinachukua nafasi gani, kisha tembeza hiyo nafasi juu ya kundi zima. Buabua walio hewani waache mwisho.

---

Kijana_Milimani · 18 Februari

Nina swali. Nimemwona shakwe karibu na mashua, mkubwa kuliko wenzake, kahawia mwili mzima, miguu ya waridi. Wenzake miguu na mdomo ni mwekundu. Programu imekataa.

---

MwanaDunga · 18 Februari

Wenye miguu myekundu ni shakwe wetu wa hapa, kichwa cha kijivu. Huyo mkubwa ni Larus fuscus mchanga, mgeni. Akikomaa mgongo unakuwa kijivu kizito karibu na weusi na miguu inageuka manjano. Hongera, na umefanya vizuri kutazama miguu kabla ya kuuliza.

---

MwanaDunga · 23 Machi

Mama Omena, mtu wako amevaa. Nendeni sasa walipo ng'ombe, nyuma ya vibanda. Motacilla flava anatembea kati ya kwato, ng'ombe akiinua mguu nzi wanaruka, naye anadaka. Miezi yote walionekana wamefifia na kufanana. Sasa madume wanamaliza kubadilisha manyoya na unaweza kuwapanga: kuna mwenye kichwa cha kijivu cha bluu na nyusi nyeupe, kuna wa kichwa cha kijivu kizito bila nyusi (huyo ni wa Skandinavia na kaskazini mwa Urusi), kuna wa kichwa cha manjano tupu. Nyuma ya ng'ombe mmoja mweupe leo walikuwepo wa aina zote tatu. Ni spishi moja, lakini kila mmoja ana kwao, na kila mmoja anaondoka kwa saa yake. Nendeni wiki hii. Wiki tatu zijazo mtakuta ng'ombe na nzi tu.

---

Mama_Omena · 24 Machi

Nimewaona. Wa kichwa cha manjano ndiye mrembo. Nimewaonyesha wenzangu, sasa hawanunui samaki wanahesabu ndege, umeniharibia biashara.

---

Boda_Nyalenda · 12 Aprili

Wale buabua wamegeuka weusi! Mwili mweusi, mabawa meupe. Ni wale wale?

---

MwanaDunga · 12 Aprili

Wale wale. Hayo ni manyoya ya kuzalia, wanaondoka nayo. Wengine bado wana mabaka, nusu nusu. Wakishakuwa weusi kabisa hawakai.

---

Kijana_Milimani · 13 Aprili

Kwa hiyo mpaka Oktoba hakuna kitu?

---

MwanaDunga · 13 Aprili

Nani amekwambia? Vitwitwi wachache wa mwaka wa kwanza hawaendi kuzaa, wanabaki hapa Juni nzima. Ukimpata glareola Juni, andika, hiyo ni taarifa ya maana. Halafu Actitis wa kwanza hurudi Agosti, wengine hata mwisho wa Julai. Tukutane darajani Jumamosi ya pili ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu. Boda atatubeba kwa bei ya kawaida, ama nakosea?

---

Boda_Nyalenda · 13 Aprili

Bei ya kawaida. Buti za tope mtaosha wenyewe kabla ya kupanda.